Tuwarudishie watoto wetu njia ya shule

Kila asubuhi ya siku ya shule, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, barabara zinazoizunguka Hospitali ya Kitete hapa Tabora hujaa pikipiki zilizopakia watoto. Mmoja amekalishwa mbele, juu ya tangi la mafuta. Wengine wawili au watatu wamebanana nyuma ya dereva na mikoba yao mgongoni, na kofia ngumu haipo kichwani mwa yeyote. Mishikaki hiyo tumeizoea kiasi kwamba hatugeuzi hata shingo. Wengi wa watoto hao nawafahamu. Najua nyumba wanazotoka na shule wanazopelekwa, na najua kwamba kwa baadhi yao ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, pengine pungufu.

Msimamo wangu ni huu: mtoto ambaye shule yake iko ndani ya mwendo wa nusu saa aende kwa miguu, na sisi watu wazima, kuanzia mzazi hadi halmashauri, tuihakikishie njia yake usalama. Mambo hayo mawili hayatenganishiki. Anayelikumbatia la kwanza na kuliacha la pili anawatupa watoto barabarani. Anayengoja la pili likamilike ndipo aanze la kwanza atangoja mpaka watoto wake wawe na wajukuu.

Mji uliokuzwa na miguu

Tabora ni mji wa watembeaji. Kabla reli ya kati haijatufikia mwaka 1912, karibu kila kitu kiliingia hapa na kutoka kwa miguu ya watu. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, hapa kwetu Unyanyembe, mwezi Novemba. Livingstone na Stanley walikaa pamoja kwenye tembe ya Kwihara mwaka 1872, na mpaka leo wageni hupelekwa kuiona tembe ile. Vitabu vimewaandika hao. Waliobeba mizigo yao, kila mmoja kama kilo 30 begani au kichwani, walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi wa vijiji hivi hivi. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa amekomaa. Kwenda Bagamoyo kulichukua miezi mitatu hivi, na kurudi miezi mingine, na waliobaki nyumbani walilima na kungoja.

Sitaki kuipamba njia ile. Pembe za ndovu zilipita juu yake, na watu waliofungwa minyororo walipita juu yake pia, na aibu hiyo haifutiki kwa miembe iliyoota kandokando. Ninachokitazama ni utaratibu wa wale wapagazi huru. Hakuna aliyetembea peke yake. Mbele alitangulia kirangozi mwenye kuijua njia, na bendera na ngoma, ili wa nyuma wajue msafara umeelekea wapi. Safari ilianza alfajiri, ikasimama jua linapokuwa kali. Visima vilijulikana, na vituo vya kulala vilijulikana. Watu waliotembea umbali ule hawakuiachia bahati usalama wao.

Hata baada ya treni, miguu haikupoteza heshima yake. Nyerere, aliyeingia shule ya serikali hapa Tabora mwaka 1937 na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's, alikuwa tayari Rais alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza Oktoba 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200. Mkuu wa nchi aliona kwamba kutembea ni njia ya kuonyesha kuwa jambo unalichukulia kwa uzito. Ni lini basi, ndani ya maisha ya baba na mtoto, kutembea kukawa alama ya unyonge?

Kuogopa kuonekana umefulia

Nimezungumza na wazazi wengi mtaani kwetu kuhusu hili. Wakianza kujibu husema barabara ni mbaya, na hilo ni kweli. Ukikaa nao zaidi, sababu nyingine inajitokeza: wanaogopa kuonekana wamefulia. Mtoto wa jirani anapita na boda, wa kwako anapita na vumbi miguuni, na macho ya mtaa yanapima. Kwa hiyo mama anayeuza maandazi asubuhi anatoa sehemu ya faida yake kabla haijakuwa faida, ili mtoto wake asionekane akitembea.

Tuipige hesabu hiyo, maana fedha ndogo ya kila siku haionekani mpaka uijumlishe. Tuseme boda inakugharimu shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni shilingi 388,000 kwa mtoto mmoja. Kwa watoto wawili ni 776,000. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimwaga vile vile. Serikali ilifuta ada na michango ya lazima mwanzoni mwa 2016 ili kaya ipumue, na sisi pumzi hiyo tumeipeleka kwenye petroli. Kwa fedha hiyo mtoto angevaa viatu vizuri, angekuwa na bima ya afya, na uji wa shuleni usingekuwa mgogoro kila mkutano wa wazazi.

Chanzo kingine ni chaguo la shule yenyewe. Anayekaa Kitete anampeleka mtoto Ipuli, wa Ipuli anampeleka Cheyo, wa Cheyo anampeleka Kiloleni, kila mmoja akiifuata shule ya mchepuo wa Kiingereza aliyosifiwa. Mzazi ana haki ya kuchagua, na sitamlaumu anayetafuta bora kwa mwanawe. Lakini tukubali kuitaja bei yote. Umbali ni sehemu ya ada. Mtoto wa miaka sita anayeamshwa saa kumi na moja ili gari la shule limzungushe mji mzima anailipa bei hiyo kwa usingizi wake, na mwalimu hukutana na deni hilo kipindi cha pili, kichwa kikiwa juu ya dawati.

Na kuna jambo ambalo kila nikilitazama linanisikitisha. Mtoto anateremshwa kwenye pikipiki, halafu anaingia uwanjani kupiga mchakamchaka ili mwili uchangamke. Mwili huo ungekuwa umekwisha kuchangamka njiani.

Anayetembea huokota

Wazee walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtoto anayetembea huokota mengi ambayo hayamo kwenye mtaala. Huamkia. Kuanzia nyumbani hadi shuleni atawapita wazee kadhaa, na kwa kila mmoja atatoa shikamoo na kungoja marahaba, na bibi mmoja atamjibu kwa mwangaluka na kumtaka ajibu kwa lugha ya nyumbani. Hujifunza nyumba ipi ina msiba, mbwa yupi ni mkali, mwembe upi umeanza kuiva, fundi yupi ni mcheshi. Hugawana matobolwa na mwenzake na kugundua kwamba mwenzake hakula jana usiku. Hugombana, na husuluhishwa na wenzake kabla ya kengele. Wakati wa masika anajua dimbwi lipi lina kina na lipi la kurukwa tu.

Mtoto wa boda hajui majina ya watu anaowapita. Nao hawamjui, na hapa ndipo hasara inapokuwa kubwa kuliko tunavyodhani. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingine italeaje mtoto isiyemfahamu? Siku mtoto huyo atakapopotea au kuugua njiani au kufuatwa na mtu mbaya, muuza mkaa wa kona hatasema, "Huyu ni wa mama fulani." Atasema ni mtoto tu.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa mwendo wa haraka, zinatosha, bila gharama wala kocha. Kisukari na shinikizo la damu havingoji tena uzee katika miji yetu, na mazoea ya mwili hujengwa mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Waliotutangulia katika kuviamini vyombo vya moto wanaweza kutueleza mwisho wa njia hii. Marekani, mwaka 1969, karibu nusu ya watoto wa shule za msingi walikwenda shule kwa miguu au kwa baiskeli. Kufikia 2009 walikuwa kama asilimia 13. Magari yalizidi, wazazi wakayaogopa, na kwa kuyaogopa wakawapakia watoto ndani ya magari mengine, na mbele ya kila geti pakawa na hatari zaidi ya ile iliyokimbiwa. Jambo hilo hilo linatokea mbele ya mageti yetu saa moja kasorobo asubuhi. Pikipiki inayomleta mtoto wako ndiyo inayomkosakosa wa mwenzako.

Ajali haina kinga?

Sasa nifike kwenye hofu ya kweli, maana ipo. Ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi zaidi duniani kati ya miaka 5 na 29. Mzazi anayesema barabara inaua hatii chumvi. Wala kumpandisha mtoto kwenye chombo si kumwondoa kwenye hatari hiyo: Mei 2017 taifa zima liliwalilia wanafunzi 32 wa shule ya Lucky Vincent, walimu wao wawili na dereva, waliofariki Karatu wakiwa ndani ya gari.

Kinachonikera ni methali tunayoitoa kila baada ya msiba, kwamba ajali haina kinga. Ina kinga. Imepimwa, na imepimwa hapa Tanzania. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wanagongwa, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko vya pundamilia, alama na nguzo za kuyazuia magari yasipande pembeni, na penye haja likahamisha geti kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Watafiti walizilinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zile ambazo hazijafikiwa, wakakuta majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda Tuzo ya Ross ya World Resources Institute, iliyoshindaniwa na miradi ya miji ya dunia nzima. Hakukuwa na teknolojia ngumu. Tuta, rangi nyeupe na saruji, vikiwekwa mahali pake.

Sheria yetu inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Mbele ya shule hata 50 ni mwendo wa kuua. Azimio la Stockholm la usalama barabarani, la Februari 2020, lilizitaka nchi zishuke hadi 30 mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika. Je, tuta moja kila upande wa geti ni jambo la kuushinda mji wenye hadhi ya makao makuu ya mkoa?

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi wa mabinti huitaja kwa sauti ya chini. Lifti. Msichana wa sekondari anatembea peke yake, jua kali, kijana mwenye pikipiki anasimama. Leo lifti, kesho chipsi, mwezi ujao simu. Tangu 2016 sheria ya elimu inampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi ujauzito, na adhabu hiyo ni stahiki, ila hufika baada ya msichana kuumia. Madereva wengi ni vijana wetu wanaotafuta riziki kwa haki, na siandiki kuwafukuza barabarani. Nasema kwamba msichana aliye ndani ya kundi la wenzake kumi hasimamishiwi pikipiki kirahisi, na msichana anayejulikana njia nzima ana mashahidi njia nzima.

Msafara wa watoto

Kwa hiyo turudi kwa kirangozi. Japani watoto wa shule za msingi katika sehemu nyingi hutembea kwa makundi ya mtaa, mkubwa akitangulia na wadogo wakifuata, kwa njia iliyokubaliwa kati ya shule na wazazi. Sisi tulikuwa na maarifa hayo kwenye njia kuu ya Unyanyembe kabla shule hizi hazijajengwa. Tuyatumie.

Msafara wa watoto hauhitaji mradi. Wazazi wa nyumba zilizo kwenye njia moja wanakaa siku ya Jumapili na kukubaliana mahali pa kuanzia, tuseme dukani au chini ya mwembe unaojulikana, na saa ya kuondoka ambayo haimngoji mtu. Mtoto wa darasa la sita au la saba anatangulia. Mtu mzima mmoja anatembea nyuma, kwa zamu, mzazi au babu au dada aliyemaliza shule. Mwendo unapangwa na mdogo kuliko wote. Barabara kubwa inavukwa mahali pamoja tu, na wote kwa pamoja. Wakifika, mwalimu wa zamu anawahesabu, na aliyekosekana anaulizwa siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nje ya mpango huu: msafara upite nyumbani kwake na kumsukuma kwenye kiti chake, na pale ambapo njia haipitiki kwa magurudumu, bajaji yake ichangiwe na wote. Akina baba nao washike zamu. Nimeona mara nyingi jambo la watoto likigeuzwa kuwa la akina mama peke yao, na likifanywa hivyo hufa ndani ya muhula mmoja.

Hapa walimu wakuu wana neno la kusema, kwa sababu ya jua. Saa ya Tanzania ni moja nchi nzima, lakini Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa kiasi kwamba jua letu huchomoza karibu nusu saa baada ya lao. Mwezi Juni na Julai linachomoza karibu saa moja. Mtoto anayetakiwa kuwahi namba na kufagia uwanja saa kumi na mbili na nusu anatembea gizani, na ufagio mkononi na kidumu cha maji. Mzazi akimpandisha boda kwa ajili ya giza hilo, nani atamlaumu? Usafi uanze kukiwa kumepambazuka. Uchafu wa uwanja unaweza kungoja dakika thelathini.

Umbali usiokubalika

Ninapowasifu watembeaji, nina wajibu kwa watoto wa wilaya za Uyui, Sikonge na Kaliua ambao hawana la kuchagua. Mtoto anayevuka msitu wa miombo kilomita saba au nane, mvua za Novemba hadi Aprili zikimkatia njia kwenye mbuga, hafanyi mazoezi. Anachoka, anakosa vipindi, na akifika darasa la tano anaacha. Nusu saa niliyoitaja ni mpaka, na nje ya mpaka huo kutembea kunageuka mateso. Kwao madai ni mengine kabisa: shule ije karibu. Ndiyo maana shule shikizi ni jambo kubwa, na vyumba 3,000 vya shule hizo vilivyojengwa nchini kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kuanzia mwishoni mwa 2021, vilikuwa matumizi mazuri ya fedha. Kinachobaki ni kuhakikisha mwalimu anafika na kukaa humo. Pale ambapo shule haijafika, baiskeli kwa wanafunzi wa sekondari, hasa wasichana, ije kabla ya ahadi nyingine yoyote ya jukwaani.

Kwa nani tupeleke madai

Mjini tuna mahali pa kuyapeleka. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, na zile kuu chini ya TANROADS. Madai yanaenea kwenye ukurasa mmoja: tuta kila upande wa kila shule iliyo kando ya barabara ya magari, kivuko kilichopakwa rangi na kurudiwa kila mwaka, mitaro iliyofunikwa mbele ya geti, pembeni mwa barabara pasiwe maegesho ya pikipiki kabla ya saa mbili asubuhi, na askari wa usalama barabarani pale magari yanapozidi. Kamati ya shule iyaandike, mkutano wa mtaa uyapitishe, diwani ayasimamie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha yaingie kwenye mipango ya manispaa. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, na bajeti yake hupangwa miezi mingi kabla. Ombi lisiloingia kwenye muhtasari wa mtaa mapema halitaonekana kwenye vitabu vya manispaa, na watoto watakaoanza darasa la kwanza Januari watavuka barabara ile ile, mbele ya pikipiki zile zile, bila hata mstari mweupe wa kumwambia dereva asimame.